Herufi Nne za Mwisho

Kwa siku ishirini Simha Ohayon alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kusoma. Saa tisa alasiri ikifika, alivuta kiti cha plastiki karibu na kitanda cha mwanawe katika wodi ya mahututi, hospitali ya juu mlimani, akavaa miwani, akafungua kijitabu chake cha zaburi kilichochakaa pembe, akaanza na herufi ya nun.

Pale Tiberia hakuna asiyejua namna ya kumsomea mgonjwa. Ile zaburi ndefu kuliko zote imepangwa kwa herufi za Kiebrania, kila herufi mistari minane. Unalichukua jina la mgonjwa unalisoma herufi moja moja, na ukilimaliza unaingia jina la mama yake. La baba halihusiki. Baba ana siku zake: mwanawe akiitwa mbele kusoma Torati, au akiandikiwa hati ya ndoa, hapo jina la baba linatajwa na baba anavimba kifua. Lakini mtu akilala hoi, anayetajwa ni mama. Wanaume wana maelezo yao marefu kuhusu jambo hilo. Simha aliamini ni kwa sababu mama ndiye anayekesha.

Basi alisoma nun, he, vav, resh, alef, yod, ambazo ni za Nehorai. Kisha shin, mem, het, he, ambazo ni zake mwenyewe. Kila alipoanza herufi aliitamka kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofanya bibi yake, Simha wa kwanza, ambaye alimpa jina angali hai na akaishi kulifaidi miaka mingine thelathini. Jumla ni mistari themanini. Muuguzi wa zamu ya mchana alishazoea, na siku Simha akichelewa alimuuliza kama basi limeharibika.

Nehorai maana yake nuru, na Simha ni furaha. Mtaani walimtania sana kwa hilo, mwanamke aitwaye Furaha ambaye hulia hata akiona tangazo la maziwa kwenye televisheni. Safari hii hakuna aliyemtania. Nehorai alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa viyoyozi, kijana wa kubeba mashine begani mpaka ghorofa ya nne huku anaimba. Alirudi kutoka kazini siku moja akisema kichwa kinamuuma. Kesho yake hakumtambua mtu, na madaktari wakasema homa imeingia kwenye utando wa ubongo, wakamlaza kwa dawa ya usingizi.

Simha alichapisha karatasi mia mbili. Alizibandika kwa mwoka mikate, kwenye duka la dawa, kwa muuza samaki, kituo cha basi, kote: Tafadhali mwombeeni Nehorai mwana wa Simha. Wanawake asiowajua waligawana zaburi kwenye simu zao, huyu hizi, yule zile, na kila siku jioni ziliisha zote. Alipokuwa akipita sokoni watu walimshika mkono na kumwambia, "Mama yake Nehorai, tupo pamoja nawe." Neno hilo la kwanza lilimtia nguvu kuliko yale mengine.

Sababu ni hii. Simha hakumzaa Nehorai. Madaktari walishamwambia zamani, kabla hajakutana na Amram, kwamba tumbo lake halitashika mimba. Amram alikuja Tiberia kutoka Ashkeloni akiwa na mtoto wa wiki saba, katoni ya maziwa ya unga, na talaka ambayo wino wake haujakauka. Mkewe, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyeitwa Galit, alisema hawezi, akapanda ndege kwenda ng'ambo, na huko akaolewa na kukaa. Simha aliolewa na Amram mtoto akiwa na miezi kumi, na jino la kwanza la Nehorai lilimuuma Simha kidoleni. Alama hakuna tena, lakini mahali anapajua.

Wiki moja kabla ya harusi, jikoni kwa dada yake Simha, Amram aliapa mwenyewe bila kuombwa. "Mtoto huyu hana mama mwingine," alisema. "Jina la yule mwanamke halitatajwa nyumbani mwangu, wala nje ya nyumba yangu, maadamu niko hai." Nehorai alipofika miaka mitatu walikwenda kortini, hakimu akagonga muhuri, na tangu hapo karatasi zote za serikali zikasema mama ni Simha. Mtoto hakuambiwa. Mara mbili Simha alimsihi Amram waseme ukweli, Nehorai alipotimiza miaka kumi na mitatu na tena alipokwenda jeshini, na mara zote mbili Amram alimkatalia. "Unataka kumtia mtoto jeraha la bure?" alisema. Simha akanyamaza, na nisiseme uongo, moyoni alifurahi kunyamazishwa.

Jumapili ya siku ya ishirini, daktari alisema wameanza kupunguza dawa ya usingizi. "Ongea naye," alimwambia Simha. "Huenda anasikia." Simha alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Asubuhi ya Jumatatu Amram alitoka mapema kwenda sinagogi kuswali kama kawaida yake, na Simha, ambaye siku za kazi haendi, akajitanda kitambaa akamfuata nyuma kwa robo saa. Alitaka tu kumshukuru Mungu nyumbani kwake.

Roshani ya wanawake ilikuwa tupu. Siku ya Sabato pale juu pana watoto, pana mapanga ya feni yanayokwaruza, pana akina mama wawili wanaopatana mahari ya watu wengine. Simha kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia vizuri kinachosemwa chini. Jumatatu ile feni zilikuwa zimezimwa. Jumatatu na Alhamisi Torati hufunguliwa asubuhi, na ikifunguliwa wagonjwa huombewa baraka kwa majina. Simha alisogea mpaka kwenye kimia cha mbao kinachoificha roshani, akaweka uso pale, akasubiri kusikia jina lake likitajwa pamoja na la mwanawe. Alikuwa anatabasamu.

Msimamizi wa sinagogi, mzee Masoud Dahan, alisoma majina kutoka kwenye daftari. Alitaja mwanamke mmoja wa mtaa wa juu, akataja mtoto wa muuza samaki. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, bila kusita hata kidogo, "Nehorai mwana wa Galit." Na wanaume wote, na Amram katikati yao, wakaitikia amina.

Simha hakuanguka. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akaisikiliza swala mpaka mwisho bila kuelewa hata neno moja. Wanaume walipotawanyika alishuka ngazi. Amram alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni. Masoud alikuwa anakunja vitambaa, na alipomwona tu, rangi ikamtoka.

"Simha, mwanangu. Ulikuwa juu?"

"Nilikuwa juu. Yule Nehorai uliyemtaja ni yupi?"

"Utakunywa chai? Kaa kwanza, nikuletee—"

"Sitaki chai, mzee Masoud. Ni yupi?"

Mzee alikuwa na miaka sabini na nane na hakuwahi kujifunza kudanganya, jambo ambalo kwa msimamizi wa sinagogi ni kilema. "Ni wetu," alisema. "Ndivyo Amram alivyoniandikisha."

"Lini? Wiki hii?"

Masoud alilifunga daftari, akaliweka kifuani kama mtu anayeogopa kuporwa. "Tangu nilipoanza kazi hii. Alipokatwa mafindofindo. Alipoanguka kwenye baiskeli akavunjika mkono. Ile homa ya mapafu. Alipokuwa jeshini, kila wiki. Mimi nilidhani mmekubaliana, wewe na yeye. Mambo ya mume na mke mimi siulizi."

"Na walioko huku chini, wangapi wanajua?"

"Tunaitikia amina, mwanangu," alisema Masoud polepole. "Wote."

Miaka ishirini na moja. Simha alitembea kurudi nyumbani akihesabu wanaume. Mwoka mikate, ambaye ana karatasi yake ukutani, anajua. Muuza samaki anajua. Yule fundi viatu anayemwita mama Nehorai kwa mbwembwe kila Ijumaa, naye anajua. Wamekuwa wakimtazama akipita na mtoto mkononi, akipita na mkoba wa shule, akipita na sare ya jeshi iliyopigwa pasi, na kila mmoja ana jina la mwanamke mwingine mdomoni. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na aibu haikuwa hata yake.

Amram alikuwa jikoni anakata nyanya za kifungua kinywa. Mayai yalikuwa yanachemka. Alikuwa fundi umeme wa manispaa, mtu wa mikono mitulivu, na kwa miaka yote Simha aliipenda mikono hiyo.

"Mama yake Nehorai anaitwa nani?" Simha aliuliza akiwa mlangoni.

"Umeamka na nini leo?"

"Swali dogo tu, Amram. Mwanafunzi wa chekechea anaweza kulijibu kuhusu mama yake."

Kisu kiliendelea kidogo, kisha kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Ahsante," Simha alisema. "Nilikuwa bado natumaini Masoud amezeeka, amechanganya majina."

Amram alizima moto chini ya mayai. "Ulifuata nini kule Jumatatu?"

"Nilifuata kushukuru. Kumbe nilipaswa kuomba ruhusa."

"Simha, kaa. Sikiliza kwanza." Alivuta kiti, Simha hakukaa. "Huku duniani tunadanganyana, sawa. Kuna korti, kuna karatasi, kuna majirani. Lakini kule juu hakuna karatasi. Kule wanamjua aliyemzaa. Mimi ni baba yake. Ulitaka nicheze kamari na maisha yake?"

"Kwa hiyo mimi ndiye uongo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema tunadanganyana. Mimi ndiye karatasi."

"Usinigeuzie maneno. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja, anawaka moto, wewe mwenyewe unamkumbuka. Niliogopa. Nikasema nitaje jina la damu yake, mara moja tu. Akapona. Sasa mara ya pili ningefanyaje? Nimtaje kwa jina jingine halafu lisikubalike?"

"Ungeniambia mimi. Ungekuja hapa jikoni ukasema, Simha, naogopa. Ningekusikiliza. Miaka ishirini na moja nimekupikia, umekosa siku moja ya kuniambia unaogopa?"

Simha aliweka mkoba juu ya meza.

"Haya, hayo ni ya zamani," alisema. "Niambie ya sasa. Siku ishirini nasoma. Wewe unakaa kiti cha pili, unakunywa kahawa niliyokubebea kwenye chupa. Nikifika shin, mem, het, he, unanitazama. Ulikuwa unafikiri nini?"

"Simha."

"Ulikuwa unafikiri nini, Amram?"

Alitazama sakafu. "Nilikuwa nafikiri haidhuru."

"Haidhuru."

"Nilisema moyoni, mwache asome, anapata faraja. Asubuhi mimi nimeshasema lile lililo sahihi, kwa hiyo mambo yako sawa."

Hapo ndipo moyo wa Simha ulipokatika, wala si kule sinagogi. Jina la Galit aliweza kulimeza. Mtu akiogopa hushika chochote kilicho karibu. Lakini mumewe kumtazama siku ishirini akisoma kwa koo lililokauka, akimwona kama mtoto anayeendesha gari kwa usukani wa kuchezea, na kumpokea kikombe cha kahawa na kusema ahsante, hilo hakuwa na pa kuliweka.

"Akiitwa kwenye Torati ni Nehorai mwana wa Amram," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Akiugua ni Nehorai mwana wa Galit. Mimi ni mama yake siku gani? Nitajie siku moja, Amram. Hata Jumanne."

Amram alikishika tena kisu na kuanza kukata. Nyanya zilikuwa zimekwisha, alikuwa anakata ubao.

Njiani kwenda kituo cha basi Simha alimpigia simu ribi wao, mwalimu wa sinagogi, mtu mwenye haraka lakini mkweli. Alimweleza kwa maneno machache. Ribi alisema kuna wanazuoni wanaosema hivi na kuna wanazuoni wanaosema vile, kwamba wapo wanaomshikilia aliyezaa, na wapo wanaosema aliyemlea mtoto amehesabiwa kama amemzaa. "Mimi ningekutaja wewe, na ningelala usingizi wangu," alisema.

"Amram aliwahi kukuuliza?"

"Hajawahi, mama. Hata mara moja."

Basi Amram hakuuliza mtu. Aliketi peke yake akaamua, na hukumu yake ikadumu miaka ishirini na moja. Pale kituoni, juu ya kioo, karatasi ya Simha ilikuwa imeanza kufifia kwa jua, na mtu alikuwa amechora moyo mdogo kwa kalamu pembeni ya jina lake. Simha aliitazama mpaka basi likaja.

Hospitalini alipokewa na uso wa muuguzi aliyekuwa hataki kumtazama. Homa imerudi, thelathini na tisa na nusu. Hawapunguzi dawa zaidi mpaka waone. Nehorai alikuwa amelala na mpira mdomoni, jasho limemlowesha nywele, na kope zake zilikuwa zikicheza kidogo, jambo ambalo hazikulifanya wiki zote zile. Simha alimpangusa paji la uso kwa kitambaa. Alimwambia, "Nipo, kapara wangu, nimefika." Hivyo ndivyo walivyomwita nyumbani tangu mdogo, kipenzi ambaye mtu yuko tayari kumfia.

Amram alikuja saa tisa kasorobo. Alikaa kiti cha pili. Leo hakukuwa na kahawa.

Simha alifungua kijitabu. Alisoma nun. Alisoma he, vav, resh, alef. Alisoma yod taratibu sana, akiinyoosha mistari yake minane kama mtu anayekwenda asikotaka kufika. Ilipokwisha alisita. Mashine ilikuwa inalia pembeni kwa vipimo vyake. Ribi alisema angelala usingizi wake, lakini ribi hakuwa pale, na kijana anayewaka hakuwa wa ribi. Shaka ya Amram ilikuwa imeshamwingia. Akisoma herufi zake mwenyewe na Nehorai akafa kesho, atajiuliza mpaka kaburini kama ni kiburi chake kilichomuua. Hakuna mama anayeweza kulibeba hilo, na Amram alimtwisha asubuhi moja tu huku anakata nyanya.

"Gimel," alisema.

Amram aliinua kichwa.

Simha alisoma mistari minane ya gimel. Akasema lamed, akaisoma. Akasema yod mara ya pili, na safari hii haikuwa ya mwanawe. Miaka ishirini na moja alilikwepa jina hilo hata kwenye mazungumzo ya jirani mwenye binti aliyeitwa hivyo hivyo, na sasa alikuwa analijenga juu ya kitanda cha mtoto wake, kwa sauti yake, kwa miwani yake. Maana yake ni wimbi dogo. Ni jina zuri, na hilo nalo lilimuuma. Alipofika tav, machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kurasa, lakini hakukosea neno hata moja.

Amram alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Alinyoosha mkono ili amshike wake. Simha aliutumia mkono wake kufunga kitabu.

Jumanne alisoma vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo. Hakumsalimu mumewe wala hakumnunia kwa kelele, alimpakulia chakula na kukaa chumba kingine. Jumatano usiku homa ilishuka. Alhamisi saa nne asubuhi walitoa mpira, na Nehorai akapumua mwenyewe, akafumbua macho, akayafumba. Saa tisa Simha alisoma tena, gimel mpaka tav, kwa kuwa hakuthubutu kugusa kitu. Madaktari walizungumza juu ya dawa mpya waliyoanza Jumatatu, jinsi ilivyofanya kazi. Amram hakuwasikiliza. Alimfuata Simha kwenye korido, macho mekundu, akamwinamia sikioni kama mtu anayeleta zawadi.

"Umeona?" alisema. "Nilikwambia. Ni jina."

Simha alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta mahali usoni mwake ambapo pangemwonyesha kwamba anajua alichokisema. Hakupaona.

Ijumaa alikwenda mapema ili awahi kurudi kabla ya Sabato. Alibeba mchuzi mwepesi wa kuku kwenye chupa ya chai, kwa kuwa daktari alisema anaweza kujaribu vijiko vitatu. Nehorai alikuwa amelazwa nusu ameketi, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Amram alikuwa dirishani anamwaga maji kwenye kikombe.

"Mama," Nehorai alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na ule mpira, lakini neno lilikuwa zima.

Simha alikaa ghafla kwenye kiti chake. "Nipo."

"Ulikuwa unasoma."

"Ulisikia?"

"Mwanzo ilikuwa sauti tu. Kama redio ya jirani." Alipumzika, akameza. "Halafu nikaanza kuzijua herufi. Zangu, halafu zako. Nilikuwa nakungoja ufike kwenye he ya mwisho, kwa sababu ukishasema hiyo najua unafunga kitabu, unanibusu, unammiminia baba kahawa tena."

Simha alicheka na kulia kwa pamoja, yule yule wa tangazo la maziwa. Alifungua chupa, mvuke wa mchuzi ukatoka, akachota kijiko akakipuliza.

"Halafu ukabadilisha," Nehorai alisema.

Kijiko kilisimama hewani.

"Nikangoja shin, haikuja. Nikasema ni dawa, nimechanganyikiwa. Kesho yake tena haikuja. Nilikuwa nataka kukuita nikwambie umekosea, mdomo haufunguki." Alilamba midomo iliyopasuka. Alikuwa ameyasomea hayo tangu darasa la kwanza, kupanga herufi kwake ilikuwa kama kupumua. "Gimel, lamed, yod, tav. Mama, Galit ni nani?"

"Ni mgonjwa mwingine," Amram alisema haraka kutoka dirishani. "Chumba cha pili. Mama yako aliamua kumsomea na yeye pia, unajua moyo wake ulivyo. Kunywa mchuzi, kapara."

Nehorai hakumtazama baba yake. Alimtazama Simha, kwa macho yale makubwa ya mtu aliyetoka mbali. "Kweli, mama?"

Amram alimtazama Simha pia. Alikuwa anamwomba kwa uso mzima, kama alivyomnyamazisha mara mbili zile za zamani, na mara zote mbili alipata alichotaka. Simha alikirudisha kijiko ndani ya chupa. Alifunga kifuniko ili mchuzi usipoe. Alijua kwamba akisema ndiyo atabaki mama mpaka jioni hii, na kesho, na labda miaka mingine ishirini, kwa hisani ya Amram na ya wanaume wote wa sinagogi lile.

"Muulize baba yako vizuri," alisema. "Jina hilo aliniapia kwamba halitatajwa. Mimi nimelitaja siku nne kwa ajili yako, na sijutii hata siku moja. Yanayobaki ni ya kwake kuyasema."

"Simha," Amram alisema.

Simha alivuta kiti cha plastiki mpaka kikagusa kitanda, akauchukua mkono wa Nehorai uliojaa alama za sindano, akauweka ndani ya wake. Kisha akageuka kumtazama Amram, kama mwanawe naye alivyokuwa anamtazama sasa, wakasubiri wote wawili.